Ukomo wa Bajeti na Dalali Anayeujua Mfuko Wako

Mwezi uliopita nilipanda hadi Mbulumbulu, wilayani Karatu, kumkagua mwanafunzi wangu aliyekuwa huko kwa mafunzo kwa vitendo. Ni nchi ya ngano na maharage, yenye ukingo wa Bonde la Ufa upande mmoja na msitu wa Hifadhi ya Ngorongoro upande wa pili, na tembo ambao hawajawahi kusomewa ramani ya mipaka. Nilitarajia kuzungumza juu ya ripoti na sahihi za wasimamizi. Nikajikuta alasiri nzima nimeketi na vijana watano, tukisoma miamala ya kadi ya benki kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Vijana hao wana kikundi kilichosajiliwa. Kazi yao ni kuwatembeza wageni kwa miguu: mashambani, ukingoni mwa bonde, na katika kaya za Wairaqw ambako mgeni hueleza kwa mshangao kwamba hakujua kuwa watu waliwahi kujenga nyumba zilizozama nusu ardhini ili adui asizione. Walipata mkopo wa vijana unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Wakanunua mahema, viatu na darubini, kisha wakatenga shilingi 200,000 kwa ajili ya kujitangaza mtandaoni. Mpango wao ulikuwa shilingi 20,000 kwa siku, kwa siku kumi. Waliandika hivyo kwenye daftari la kikundi, na wakaandika hivyo kwenye kisanduku cha bajeti ya siku katika simu.

Siku ya sita fedha zikaisha.

Siku ya kwanza zilikatwa 39,000, ya pili 36,000, ya tatu 31,000, ya nne 40,000, ya tano 33,000, na ya sita 21,000 zilizosalia. Watu 160 walilibofya tangazo. Walioandika ujumbe walikuwa wawili. Mmoja aliuliza kama kuna nafasi za kazi za askari wa hifadhi, na mwingine, mwanafunzi aliyeko Dodoma, aliomba atumiwe ramani ya kreta. Katibu wa kikundi, binti mwenye utulivu unaomfaa mhasibu, aliniuliza swali ambalo sijaacha kulitafakari tangu siku hiyo: "Mwalimu, kama tuliandika ukomo, nani ameuvuka?"

Kampuni iliyowauzia tangazo siitaji, na sababu ya kutoitaja ni nzito kuliko jina lenyewe: haikuvuka chochote. Kila shilingi ilikatwa kwa mujibu wa masharti waliyoyakubali kwa kidole kimoja. Kanuni za namna hii wanazo wauzaji wengi wa matangazo ya kulipia kwa mbofyo. Katika maelezo yanayofuata nitamtumia Google kuwa mfano, kwa kuwa ndiye mkubwa wao katika utafutaji na kanuni zake zimechapishwa mahali ambapo yeyote anaweza kuzisoma, ingawa si kwa lugha ambayo wengi wetu tunaisoma kwa raha.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa mtumishi wa umma, ukomo wa bajeti ni ukuta. Wizara ya Fedha hutoa mwongozo, kila fungu hupewa ukomo wake, na ofisa anayethubutu kutumia nje ya kasma bila idhini anajua atakavyoulizwa. Wasiwasi wetu katika mfumo huo huwa wa upande mwingine kabisa: kwamba ukomo upo kwenye kitabu lakini fedha hazijatoka. Kwa hiyo Mtanzania aliyezoea serikali, hata kama ni kwa kusimuliwa na shangazi yake aliye mhasibu wa halmashauri, akiona kisanduku kilichoandikwa "bajeti ya siku" hufikiri amejenga ukuta.

Katika matangazo ya Google, kiasi unachoandika hapo ni wastani. Kwa kampeni nyingi, mfumo unaruhusiwa kutumia hadi mara mbili ya kiasi hicho katika siku moja, iwapo siku hiyo watafutaji ni wengi. Kinachozuiwa ni jumla ya mwezi: bajeti ya siku ikizidishwa kwa 30.4, yaani siku 365 zikigawanywa kwa miezi 12. Ukizidishiwa juu ya hapo, ziada hulipwa na kampuni. Ruhusa hii ya mara mbili ilianza Oktoba 2017. Kabla ya hapo ziada ya siku ilikuwa asilimia 20 tu. Meta, wenye Facebook na Instagram, nao wana hesabu ya jamii hiyo, isipokuwa wao hupima kwa wiki: siku moja inaweza kuzidi, lakini wiki isivuke bajeti ya siku mara saba.

Kwa mfanyabiashara anayetangaza mwaka mzima, hesabu hii haina ubaya. Jumatatu itazidi, Jumapili itapungua, na mwisho wa mwezi mizani itakaa sawa. Lakini ipime kwa vijana wa Mbulumbulu chini ya kanuni kama hiyo. Waliandika 20,000. Ukomo halisi wa mwezi ukawa 608,000. Ukomo wa 200,000 ulikuwapo sehemu moja tu duniani, nao ni ukurasa wa daftari lao. Mtu anayetaka kutangaza kwa siku kumi tu, kisha asimame, hulipia siku za kuzidi bila kuzifikia siku za kupungua ambazo zingemrudishia mizani. Angekuwa na mtu wa kumnong'oneza, angeandika 10,000, akijua kwamba hata kila siku ikizidi hadi mwisho, siku kumi haziwezi kuvuka 200,000. Mnong'ono huo wa sentensi moja ungeokoa fedha za mkopo. Hakuna aliyewapa, nami nakiri kwamba kabla ya alasiri ile nisingeweza kuwapa.

Nikija kwenye mnada, naingia uwanja ambao mtu wa Karatu hahitaji kufundishwa na mhadhiri. Siku ya mnada wa mifugo mtu huenda na fedha zake, tuseme shilingi 900,000, amezikunja ndani ya koti, na anajua kwamba siri hiyo ndiyo silaha yake. Akimtajia dalali kiasi alichonacho, ng'ombe wa 700,000 atapanda bei mbele ya macho yake. Hata mtoto anayetumwa kununua mbuzi huambiwa asioneshe noti.

Matangazo ya kulipia kwa mbofyo nayo ni mnada. Kila mara mtu anapoandika "safari Ngorongoro" katika mtambo wa kutafuta, mnada hufanyika na kumalizika kabla hajapepesa jicho. Wanaotaka kuonekana wameshaweka dau lao. Mfumo hulipima dau pamoja na ubora wa tangazo na wa ukurasa linakoelekeza, kisha hupanga nani awe juu. Tofauti na mnada wa Karatu ni hii: ili uingie, jambo la kwanza unaloulizwa na dalali ni kiasi kilichomo mfukoni. Unamwandikia bajeti yako ya siku. Ukipenda unamwandikia na dau lako la juu kwa mbofyo mmoja, na usipopenda unamwachia akupangie yeye. Dalali huyo ndiye mwenye uwanja, ndiye mtunga kanuni, ndiye anayehesabu mibofyo, na mwisho wa siku ndiye anayekuletea ujumbe wa kukushauri uongeze bajeti.

Ni lazima niwe mwadilifu hapa, kwa sababu wanaharakati wenzangu hupenda kuona njama hata palipo na hesabu tu. Mfumo huu una kinga zake. Mwaka 1998, Bill Gross alipoanzisha GoTo.com huko California, kila mtangazaji alilipa kiasi alichokitaja. Wapinzani wakawa wanapandishiana na kushushiana dau mchana kutwa kama watoto wanaogombea bembea. Google walipoanza kuuza matangazo kwa mbofyo mwaka 2002 walichukua utaratibu tofauti: mshindi hulipa kile kinachotosha kumzidi anayemfuata, si lazima dau lake lote. Kwa utaratibu huo kutaja dau kubwa si sawa na kulilipa. Hiyo ni kinga ya kweli. Lakini kinga hiyo ni ya dau, haiigusi bajeti. Tena hata dau lina sakafu anayoiweka dalali mwenyewe, na Agosti 2024 jaji wa shirikisho nchini Marekani, Amit Mehta, aliamua kwamba Google ni mhodhi wa utafutaji na wa matangazo ya maandishi yaambatanayo nao, na kwamba ameweza kupandisha bei za matangazo hayo pasipo ushindani wa maana wa kumzuia. Kama wafanyabiashara wa Marekani, wenye mawakili wao, walipandishiwa bei pasipo pa kukimbilia, kikundi cha vijana watano kwenye ukingo wa Bonde la Ufa kina nguvu gani?

Sasa kuna jambo la kitaaluma ambalo nataka wanafunzi wangu walione, kwa kuwa linaonesha bajeti inavyotazamwa kutoka upande wa pili wa meza. Mwaka 2005 wanasayansi wanne wa kompyuta, Aranyak Mehta, Amin Saberi na ndugu wawili, Umesh na Vijay Vazirani, walichapisha utafiti juu ya swali hili: muuzaji wa matangazo agawe vipi maneno ya utafutaji yanayoingia moja baada ya jingine, ilhali kila mtangazaji ana bajeti yenye mwisho? (Huyo Mehta si yule jaji, majina tu yamekutana.)

Niieleze kwa mfano wetu. Kampuni mbili, kila moja ina bajeti ya 10,000 kwa siku. Ya kwanza inataka watafutaji wa Ngorongoro na wa Ziwa Manyara. Ya pili inataka Ngorongoro peke yake. Zote hutoa kama 1,000 kwa mbofyo, ya kwanza ikizidi kidogo tu. Asubuhi inaingia mibofyo kumi ya Ngorongoro. Muuzaji mwenye pupa humpa yote yule wa dau kubwa. Ifikapo saa sita mchana bajeti ya kampuni ya kwanza imekwisha. Mchana inaingia mibofyo kumi ya Ziwa Manyara, na anayeitaka hana tena fedha. Kampuni ya pili bado ina 10,000 zake mfukoni. Muuzaji amevuna 10,000 pale ambapo angeweza kuvuna 20,000. Watafiti wale walionesha kwamba mfumo usioangalia dau peke yake, bali pia sehemu ya bajeti ambayo haijatumika, humhakikishia muuzaji takriban asilimia 63 ya mavuno ambayo angeyapata kama angeijua siku nzima mapema, badala ya asilimia 50 za mwenye pupa.

Ni kazi nzuri ya kisayansi, na sidai kwamba mitambo ya leo inafuata kanuni ileile neno kwa neno. Ninachotaka kionekane ni mwelekeo wa swali. Bajeti yako, ambayo kwako ni kinga, katika hesabu ya upande wa pili ni ghala linalosubiri kuvunwa, na tatizo la kitaalamu ni namna ya kulivuna lote pasipo kubakiza. Mtazamo huo si uovu, kwani muuzaji ana haki ya kutaka kuuza. Uovu, kama upo, ni kumwacha mnunuzi aamini kwamba mtu aliyeshika upande huo wa meza anamlindia ukomo.

Turudi kwa vijana. Fedha zao zilikwenda wapi katika siku zile sita? Tulipofungua taarifa tukaona mambo matatu.

La kwanza lilikuwa saa. Siku ya bajeti huanza saa sita usiku kwa majira ya akaunti, na akaunti yao ilikuwa ya majira ya Afrika Mashariki. Saa sita usiku Mbulumbulu, wakati wa kiangazi cha Marekani, ni saa kumi na moja jioni New York. Kwa hiyo bajeti ilipofunguliwa, upande ule wa bahari watu walikuwa wanatoka kazini na kushika simu. Saa tisa usiku huko kwetu, wao ni saa mbili usiku, wako kwenye kochi wakiota likizo. Ilipofika saa ambayo Mjerumani anafungua kompyuta yake asubuhi, sehemu kubwa ya fedha ilikuwa imeliwa. Google kwa kawaida husambaza matumizi katika siku nzima, na mwaka 2019 iliondoa katika matangazo ya utafutaji ule mtindo wa kutumia haraka kadiri fursa zinavyotokea. Lakini kusambaza huko hufuata wingi wa watafutaji, haufuati mgeni unayemtaka wewe. Vijana walitaka Wajerumani kwa sababu mmoja wao amejifunza Kijerumani. Hawakuuambia mfumo saa wala siku.

La pili lilikuwa mahali. Walichagua Ujerumani na Marekani. Kumbe kuchagua nchi hakumaanishi daima watu walioko katika nchi hiyo tu. Kwa mpangilio wa awali wa Google, kwa mfano, huingia pia watu walioonesha kuvutiwa na nchi hiyo, na kijana wa Dodoma anayehangaikia ufadhili wa masomo Ujerumani anaweza kuhesabiwa humo. Mpangilio huo unabadilishwa kwa kugusa mara moja, kwa anayejua kwamba upo.

La tatu lilikuwa neno. Walinunua "Ngorongoro" peke yake, neno pana kuliko nchi nyingine ndogo za Ulaya. Anayeandika "Ngorongoro" anaweza kuwa anatafuta ajira, habari za kuhamishwa kwa wananchi, picha ya faru, au kazi ya nyumbani ya mtoto wa darasa la tano. Mifumo hii huruhusu kuorodhesha maneno ya kukataa: usinioneshe kwa mwenye kuandika "kazi", "ajira", "ramani". Orodha hiyo kwao ilikuwa tupu.

Kisha kuna kosa ambalo si la vijana hawa peke yao, nami naliona ni kubwa zaidi kwa kuwa ushauri wa dalali hulichochea. Kampeni inapokosa fedha, huandikiwa kwamba imebanwa na bajeti, na pembeni huwekwa kiasi kipya kinachopendekezwa, kikubwa. Mtu mwenye fedha kidogo huona aibu kama aliyeambiwa hadharani kwamba shati lake limechanika. Lakini kama bajeti yako ni 10,000 na kila mbofyo unakugharimu 1,000, ukaishiwa kabla ya mchana, dawa ya kwanza si kuongeza bajeti. Dawa ni kushusha dau. Ukikubali kukaa nafasi ya tatu au ya nne na kulipa 500, fedha ileile inaweza kukuletea mibofyo ishirini iliyosambaa siku nzima. Anayeishiwa saa tatu asubuhi ananunua kwa bei ya wenye fedha nyingi huku mfuko wake ni wa mwenye fedha kidogo. Zipo hata taarifa zinazoonesha ni sehemu gani ya nafasi ulizozikosa kwa ajili ya bajeti na ni sehemu gani uliyoikosa kwa ajili ya nafasi ya tangazo. Ni hizo za kusomwa kabla ya kukubali pendekezo lolote.

Hadi hapa naweza kudhaniwa kwamba ninaandika mwongozo wa wafanyabiashara wadogo. Lakini jambo hili ni la umma, na nina sababu.

Aprili 2022 ilizinduliwa huko New York filamu ya The Royal Tour, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa ndiye mwongoza wageni. Tulitumia heshima ya nchi kumfanya mtu wa mbali atamani kuja. Mtu huyo akiisha kutamani hufanya nini? Huchukua simu na kuandika jina la mahali. Hamu tuliyoiamsha sisi, kwa jina ambalo ni letu, hupigwa mnada California, na washiriki ni wakala wa London, tovuti kubwa za kuuza safari, kampuni za Arusha, na vijana watano wa Mbulumbulu. Sisemi tuzuie. Nasema tujue kwamba kazi ya kutangaza utalii haiishii pale mgeni anapotamani. Katika hatua inayofuata, ambayo ndiyo inayoamua nani atalipwa, tumemwacha kila mmoja ajitegemee.

Serikali kwa upande wake imeshachukua sehemu yake. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliwaingiza watoa huduma za kidijitali walio nje ya nchi katika kodi: asilimia 2 ya malipo ghafi, pamoja na VAT kwa huduma za kielektroniki. Naiunga mkono sheria hiyo, kwani haikuwa haki muuza duka wa Karatu alipe na kampuni kubwa ya nje isilipe. Hata hivyo VAT hulipwa na mnunuzi wa mwisho, na huongezwa juu ya gharama ya mibofyo, nje ya ile bajeti ya siku. Mnunuzi mdogo asiyesajiliwa VAT hana pa kuidai arudishiwe. Kama sehemu ya fedha za mkopo wa vijana inakwenda kwenye matangazo haya na kodi yake inarudi Hazina, si jambo kubwa kudai kwamba mafunzo yanayotolewa kwa vikundi kabla ya mkopo yatenge asubuhi moja kwa ajili ya kueleza kisanduku cha bajeti ya siku. Kwa Kiswahili, na kwa simu mkononi. Vikundi hufundishwa kuandika katiba na muhtasari wa vikao. Hayo ni mema, ila hakuna aliyewahi kupoteza shilingi 200,000 kwa muhtasari.

Kuna na upande wa watumishi wenyewe. Taasisi za umma nazo hununua matangazo ya mtandaoni, mara nyingi kupitia mawakala. Ni kawaida katika biashara hiyo wakala kulipwa asilimia ya kiasi kilichotumika. Ongeza hapo desturi yetu ya Juni, ambapo kila idara hukimbizana kumaliza fungu kabla ya tarehe 30 kwa kuhofia salio kurudi Hazina, na unapata watu watatu ambao wote wanataka fedha iishe: wakala, dalali na ofisa. Mwananchi pekee ndiye asiyetaka, naye hayupo mezani. Ukomo unafikiwa kikamilifu, taarifa inaandikwa kwamba utekelezaji ni asilimia 100, na hakuna anayeuliza mibofyo ilitoka wapi, saa ngapi, kwa neno gani. Mkaguzi wa ndani akiletewa ankara ya matangazo ya aina hii, aombe na taarifa ya maneno ya utafutaji. Imo ndani ya akaunti na hailipiwi. Aulize pia akaunti ni ya nani: ya taasisi au ya wakala? Mkataba ukiisha, kumbukumbu zote za kilichonunuliwa zitabaki mikononi mwa nani?

Na endapo taasisi ya umma itaona vema kununua neno kama "Ngorongoro", itafakari kwamba mnada haujui nani ni serikali. Dau lake litapandisha bei kwa kila anayefuata, wakiwamo vijana ambao taasisi hiyohiyo inasema inawainua.

Upper Kitete, katika ukanda huuhuu wa Mbulumbulu, iliwahi kuwa mojawapo ya skimu za makazi za majaribio katika miaka ya mwanzo ya Uhuru. Palikuwa na matrekta, mikopo, na hesabu zilizopangwa mbali na shamba. Mpango wa kuongeza skimu za namna hiyo uliachwa mwaka 1966 kwa gharama zake kuwa kubwa mno. Nilimtajia jambo hilo mzee mmoja aliyekuwa ameketi nasi akitusikiliza tukihangaika na simu. Akauliza kama hawa wenye matangazo nao huja kuangalia shamba kabla ya kukopesha. Nikamweleza kwamba hawakopeshi, wanauza. Akasema basi ni nafuu, kisha akanyamaza kwa muda, akauliza tena: wanauza nini hasa?

Nilijaribu kumjibu. Nilisema wanauza nafasi ya kuonekana na mtu anayetafuta. Nikasema unalipa pale tu mtu anapogusa. Akataka kujua mtu akigusa kwa bahati mbaya inakuwaje, au mshindani akikaa akigusa makusudi ili akumalizie. Ni swali zuri kuliko alivyodhani. Mwaka 2006 Google ilikubali kumaliza shauri la mibofyo ya udanganyifu lililofunguliwa katika jimbo la Arkansas kwa makubaliano yenye thamani ya hadi dola milioni 90, na mpaka leo kampuni hizi huwa na mitambo ya kuchuja mibofyo isiyo halali na kuirudisha katika hesabu. Lakini anayeamua upi ni halali ni yuleyule dalali, na mwenye bajeti ya siku moja ndogo huweza kumalizwa na vidole vichache kabla chujio halijafanya kazi yake.

Kabla ya kuondoka tuliandika upya. Bajeti ya siku ikawa 5,000. Maneno yakawa matatu, yote marefu, yote ya kutembea kwa miguu, mawili kwa Kijerumani. Nchi ikawa moja, kwa walioko humo tu, na saa zikawa kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tano usiku kwa majira yetu. Orodha ya maneno ya kukataa ilifika ishirini na mbili, na binti katibu alikuwa bado anaongeza nilipowaaga. Kwenye daftari aliandika 10,000 chini ya safu mpya aliyoipa jina "juu kabisa", kando ya ile ya 5,000. Marejesho ya kwanza ya mkopo yanaanza mwezi ujao.